Maandazi ya Prudensia klabuni

Yasinta, kitendawili! Nyumba imejaa watu, kila mmoja anamficha jirani majani yake, wala mbuzi hamna. Umeshindwa? Klabu mpya ya karata hapa mjini kwetu Garland!

Shoga, wametumalizia bingo ya kanisani, ukumbi umebaki viti vitupu. Leo Prudensia, mwenyekiti wa bingo, kawafuata watu wake huko na hotpoti la maandazi, yale ambayo kwenye bingo hutoki hujayala.

Na nani yuko mezani? Mumewe! Modestus, jamani, Modestus!

"Baba Sadock, huku kuna nini ambacho bingo yangu haina?"

Modestus kainamia karata zake.

Prudensia kafungua hotpoti. "Haya, chukueni, ya leo leo!" Hakuna mkono ulionyooka.

Modestus kaweka karata chini, taratibu. "Mama Sadock, huku mtu anaruhusiwa kukataa andazi."