Sahihi ya Pili

Jumanne jioni

Bado naiona ile dripu mkononi mwangu. Ilibaki kuifungulia tu.

Moraa, mama mmoja wa Kenyenya, ndiye aliyenizuia. Alikuwa ameshadungwa sindano, akaniambia polepole, "Samahani, sista. Dawa yangu huwa nyekundu. Hii mbona nyeupe? Daktari amebadilisha?"

Daktari hakubadilisha chochote. Ile ilikuwa dawa ya saratani ya Kerubo, mgonjwa wa kitanda cha pili. Nilikuwa nimemuuliza Moraa, "Wewe ndiye Kerubo?" akasema ndiyo. Alifika alfajiri, aliogopa kurukwa kwenye foleni. Watu wetu hawambishii nesi. Mimi mwenyewe ni wa huku, mtoto wa Marani, hilo nalijua, na bado nikauliza swali la kujibiwa ndiyo.

Kanuni ni manesi wawili wasome jina na dawa, kisha wote wasaini. Lakini siku hizi mwenzangu Nyaboke anaitwa wodi nyingine kila asubuhi, nami nabaki peke yangu na wagonjwa kumi na saba. Kwa hivyo Nyaboke husaini fomu zote mapema, kabla hata dawa hazijaletwa. Wazo hilo lilikuwa langu.

Nilibadilisha dripu. Moraa akanishika kiganja. "Pole, sista. Nimekusumbua na umechoka."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Sijamwambia msimamizi. Nikimwambia, Nyaboke naye...

Fomu za kesho ziko kwenye droo. Nyaboke ameshazisaini.