Amplifaya ya Gari la Misheni

Misheni, Mpanda
17 Februari 1974

Mpendwa Dada Josephina,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, ingawa nakujua, hukai. Hujambo wewe na shemeji? Watoto nao, kile kikohozi kimekwisha? Sisi huku ni wazima. Mguu wa mama unamsumbua mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua haitaki kupumzika, lakini shambani anakwenda na hakuna wa kumzuia. Baba anapigana na nguruwe pori kwenye mahindi yake ya Kakese. Mpaka sasa nguruwe wanaongoza.

Mimi bado naendesha Land Rover ya misheni. Nadhani hata huko Tabora mmesikia kwamba ndugu zetu waliokimbia Burundi wamepewa ardhi huku kwetu, porini Katumba. Walifika makundi makundi, na wengi walipotezana njiani. Unakuta mke yuko kijiji hiki, mume hajulikani aliko. Basi Padre ameamua gari lipite kijiji kwa kijiji likiita majina ya wanaotafutwa. Atakayeyaita ni Libérate, mama kijana anayesaidia kwenye zahanati ya misheni. Yeye mwenyewe ni mkimbizi. Walipotezana na mume wake, Venant, wakati wa kuvuka mto, na tangu hapo hajasikia lolote.

Kununua amplifaya ya kukuzia sauti yake nilipewa mimi, eti kwa kuwa nimezoea mambo ya betri. Pale Kashaulili yuko fundi redio, Mzee Rafaeli, naye alikuwa na mbili. Ya kwanza ni ya vali, zile za kioo zinazowaka kama taa, ilikuwa ya bendi fulani ya dansi, nzito kama gunia la mpunga. Ya pili ni ya transista, ndogo, unaibeba kwapani. Mzee aliisifu ile kubwa mpaka ungedhani ni binti yake na mimi nimekuja kuposa. Bei zake hazikupishana sana. Nikamwambia mimi sinunui kitu kwa sifa, tuzifunge garini tukazijaribu. Akacheka, akachukua waya zake, akapanda. Libérate tukampitia zahanati.

Tulikwenda Kakese, akina mama walikokuwa wanapandikiza mpunga. Tukaanza na ya vali. Ile lazima injini iwe inawaka, la sivyo inamaliza betri mara moja. Libérate aliposema neno la kwanza, ndege wote waliruka majarubani. Nilitembea mpaka ng'ambo ya kijito, bado naisikia. Nikarudi, tukafunga ile ndogo, na kwa kuwa hiyo betri inaitosha, injini tukaizima. Nilipofika kijitoni, sauti ilikuwa imekwisha. Mzee Rafaeli akaniuliza kama bado nina swali.

Lakini tulipokuwa bado tunabishana, Libérate aliita jina la Ng'washi, jirani yetu, aliyekuwa ameinama mbali kwenye matope. Ng'washi akanyanyuka, akaitika. Tukamsikia vizuri kabisa, mpaka akauliza kama baba amepatwa na jambo. Ndipo nilipogundua kwamba hata kwa ile kubwa angeitwa na angeitika, ila sisi, injini ikiwa inatunguruma, tungesikia nini? Mzee Rafaeli alianza kukunja waya za ile kubwa. Halafu akasema kweli, bendi haingoji kuitikiwa.

Nikapanda, nikashika ufunguo ili turudi mjini. Libérate alikuwa bado ameshika maikrofoni. Akaita, "Venant." Akaita tena, kwa upole, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Pale hapakuwa na mkimbizi hata mmoja, Dada, palikuwa na mashangazi zetu na mpunga wao. Nikataka kuwasha, akanishika mkono.

"Subiri kwanza, ndugu dereva. Usiwashe. Labda kuna anayejibu."

Tukasubiri. Mzee Rafaeli aliangalia viatu vyake. Mimi nilimwangalia Libérate, jinsi alivyogeuza uso kusikiliza, na roho iliniuma.

Dada, uliniuliza kwa nini simjibu mama kuhusu Skolastika, yule binti wa Litapunga. Skolastika hana kasoro. Ni mimi ninayempenda Libérate. Nampenda tangu msimu uliopita, nilipoanza kumpeleka na dawa zake vijijini. Yeye hajui, na wala sitamwambia, kwa sababu ni mke wa mtu. Siku asipopanda gari langu, barabara ya Katumba naiona haina mwisho.

Sasa nikuambie na lililo baya zaidi. Pale kwenye usukani niliitamani ile amplifaya kubwa. Kwa ile, Venant angeitwa kila mahali, kwa sauti ya kutetemesha miti, naye angejibu na sisi tusimsikie. Hakuna ambaye angenilaumu. Padre angenisifu kwa kununua chombo chenye nguvu.

Nilinunua ndogo. Nimeifunga mwenyewe, spika iko juu ya paa, na Jumatatu tunaanza kijiji cha kwanza. Libérate ameazima kitenge kipya kwa masista. Anasema Venant asije akamkuta amechakaa.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na shemeji mwambie ule ugomvi wetu wa bao haujaisha. Mama anakungoja baada ya mavuno, usimdanganye tena.

Nina ombi moja, na tafadhali lisifike kwa mama. Kila jioni Padre anatusalisha rozari kwa ajili ya wanaotafutwa, tukitaja jina moja moja. Nayataja yote kwa moyo, ila likifika la Venant midomo inacheza tu, sauti haitoki. Wewe niombee yeye apatikane. Mimi bado sijaweza.

Mdogo wako akupendaye,
Hilari