Karatasi ya Bwana Thornley

Al Rayyan, Doha
7 Februari 2025

Mpendwa Baba,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, joto bado halijaanza kutuchoma. Goti lako je? Dawa ya kuchua niliyompa Harun, anayetubebea barua na mizigo, ilifika?

Nimepata kazi ya ziada siku za Ijumaa. Kuna mama Mwingereza anaitwa Michelle, anakaa Al Wukair, anaandika maisha ya babu yake, nami namtafsiria barua zake za Kiswahili. Baba, babu huyo ni Thornley wa shamba la kwetu. Alikuja 1937 akapewa ardhi, akawa mwenyekiti wa masetla, na bendera ilipobadilishwa akachukua uraia, akawa mbunge kwa kura za watu weusi. Dereva wake wa kampeni ulikuwa wewe. Mbona hukuwahi kutuambia?

Nilipomwambia wewe ni baba yangu, aliuliza kama ungali hai, na kama una karatasi zozote za zamani. Nimeona ajabu.

Mwanao,
Phyllis

Kapsorwa
2 Machi 2025

Mwanangu Phyllis,

Salamu nyingi. Goti linasumbua asubuhi tu, jua likipanda linaniachilia. Mahindi tumeshaandaa shamba, tunangoja mvua.

Barua yako Harun aliileta imechanika pembeni. Anasema ni begi. Mimi sijui. Hata hivyo tuendelee kuandikiana, maana simu hapa nyumbani inashikwa na kila mtu.

Ndiyo, nilimwendesha. Jukwaani alisema Kiswahili kuliko chifu, akala ugali kwa mkono pamoja na wazee. Tukirudi kwenye gari aliniomba spiriti, akasugua vidole hadi kwenye kucha. Watu walimpenda. Nami nilimpenda, nilikuwa na miaka ishirini na tatu.

Lakini mtu haulizi bure kama mzee yuko hai. Usimpe picha yangu, wala usimwambie tunakoishi.

Mimi baba yako

Al Rayyan
28 Machi 2025

Baba,

Natumaini u mzima. Mimi silali vizuri.

Michelle amenionyesha karatasi ya mwaka 1966. Inasema familia arobaini za kando ya mto zilihama kwa hiari yao. Chini kuna alama za vidole gumba, na mwisho sahihi ya shahidi. Ile K yenye mkia naijua, ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti zangu zote za shule.

Jina la tatu ni la babu, mzazi wa Mama. Mama alituambia kwao walifukuzwa, nyumba zikachomwa.

Wajukuu wa familia hizo wameenda mahakamani kuidai ardhi hiyo. Michelle anataka nikurekodi ukisema walihama kwa hiari. Nimemwambia nitakuuliza. Sasa nakuuliza.

Phyllis, mwanao

Al Rayyan
30 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Miezi miwili sasa, na Harun anaapa alikupa barua mkononi. Nilipopiga simu, ndugu yangu Kevin alisema hujambo, ila kila asubuhi unavaa koti na kutoka, na humwambii yeye wala mkewe unakokwenda.

Siku hizi nawaza vibaya. Nawaza Michelle amekupata kwa njia nyingine, na mmekubaliana. Ijumaa alinikaribisha chai, akanigusa bega. “Baba yako amezeeka,” akasema. “Aseme maneno mawili tu, kisha apumzike.” Nilikataa kukurekodi. Akaniambia nisirudi tena.

Kama ulidanganywa, niambie. Kama hukudanganywa, niambie vilevile.

Mwanao

Kapsorwa
14 Juni 2025

Mwanangu,

Sijakubaliana na mtu. Kaa chini usome.

Thornley alinipa karatasi ile Jumatatu. Alisema ni orodha ya watu wanaotaka zahanati, aipeleke bungeni. Nilizunguka nayo nyumba kwa nyumba na kidau cha wino. Hawakujua kusoma. Walinipa vidole vyao kwa sababu walinijua.

Jumatano niliisoma. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la saba, nikaelewa. Nilimwendea Thornley. Hakukasirika. Alinipeleka dirishani, akanionyesha kile kipande cha juu chenye chemchemi. “Ni chako,” akasema. Nikatia sahihi Alhamisi. Hapo ndipo mlipozaliwa nyote.

Marehemu mama yako aliniuliza mara moja, kabla hatujaoana, kama najua nani aliwauza. Nilisema sijui. Hakuuliza tena.

Asubuhi hizo nilikuwa nikienda kwa Proscovia, mdogo wake. Siku nne alinifungia mlango. Siku ya tano alitoka, akasimama, nikamwambia yote nikiwa nimesimama uani. Hakunipa kiti. Lakini ndiye aliyenipeleka kwa wakili wao, nikala kiapo. Kevin nilimwambia juzi. Wakishinda, huenda na kipande hiki kikaenda. Amehamia kwa wakwe zake.

Sikuombi kitu.

Baba yako

Al Rayyan
3 Julai 2025

Baba,

Nimesoma mara nyingi.

Nimepewa likizo kuanzia tarehe ishirini. Nitashukia kwa mama mdogo Proscovia, nikae naye kwanza, nimsikilize. Sijui nitakaa siku ngapi. Nikitoka kwake ndipo nitajua kama miguu inanileta kwako.

Endelea kuchua goti.

Mwanao,
Phyllis