Chuku Walizopiga Mbele ya Jeneza Lako

Mwalimu Ombati,

Nimekasirika, na kwa kuwa wewe ndiwe uliyenishika mkono katika kazi hii ya kufundisha Kiingereza, hasira yangu utaisikia wewe kwanza.

Unakumbuka kazi zako za wikendi? Walimu wengine walitoa insha, wewe uliwatuma wanafunzi matangani. "Sikilizeni wasifu, mniletee chuku na kinaya." Jumatatu darasa zima lilikuwa likicheka: mlevi aliyesifiwa kuwa nguzo ya kanisa, bahili aliyeitwa baba wa mayatima. Mimi, mgeni kutoka chuoni, nilikaa nyuma nikajifunza.

Basi siku ya mazishi yako wanafunzi hao wakaja kwako Nyaramba, sare safi, wakaketi kando ya shamba la majani chai. Mkuu wa shule akashika maikrofoni. Ndiye mkuu yuleyule aliyekwambia fasihi ya Kiingereza haitafundishwa tena kwa sababu haileti kazi, akazitoa riwaya zako kabatini na kuzirundika stoo karibu na magunia ya maharagwe. Akasema ulikuwa moyo wa shule. Akasema fasihi haitakufa maadamu yeye yu hai. Akajipangusa macho makavu. Moraa, yule mwanafunzi uliyemwambia ataandika vitabu, aliinama kuficha kicheko, kisha nikaona analia.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nilikuwa nimeitwa kutoa shukrani tu kwa niaba ya walimu. Nikamgeukia mbele ya waombolezaji wote, nikamuuliza, "Mkuu, muhula ujao kuna fasihi ama hakuna?" Pasta akaanza kutafuta wimbo. Mke wako akamwambia angoje kwanza. Mkuu akasema ipo, watu wakapiga makofi, tukakuzika.

Jumatatu nikaenda ofisini kuulizia ratiba. Akacheka. "Madam, hayo yalikuwa maneno ya matanga tu." Hakuona haya hata kidogo.

Na wewe pia nimekukasirikia, Mwalimu. Miezi yote ile ulimeza dawa za presha ukaniambia heri amani. Amani gani? Yeye alilala vizuri, wewe ukaumia kifua. Ungegombana naye ningekuwa nyuma yako, unajua. Nakukumbuka mpaka nashindwa kusahihisha madaftari.

Wale wazazi waliopiga makofi nimewapitia, sokoni Ikonge na kwenye kituo cha kuuzia majani chai. Nimewaambia mkuu amekana aliyoyasema mbele ya maiti. Unajua watu wetu, hilo hawalimezi. Mzee mmoja aliweka kikapu chake chini, akaniuliza tu ni siku gani. Ijumaa wanakwenda ofisini kwake, na mke wako ndiye atakayetangulia.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Pumzika, ukiweza. Nakuahidi hivi: wazazi wakishindwa, nitawafundisha wanafunzi wako nje, chini ya dirisha la ofisi yake, kwa sauti. Na akitaka kunitoa, aje anitoe yeye mwenyewe, mchana, wanafunzi wakiona.

Wako,
Kwamboka