Mashine Isiyoua Mtu

Mamboleo, Kisumu. Jumatatu, 1997.

Joto limelala juu ya mabati tangu asubuhi, na mvua imekaa kule upande wa Nandi ikituangalia tu, kama mgeni anayekaribishwa aingie naye anasema yuko sawa hapo nje. Nimerudi kutoka Awasi na vumbi la safari na sina neno la maana la kumwambia shemeji yangu Ouma. Amekaa mlangoni anasoma gazeti. Gazeti ni la wiki iliyopita.

Naandika kwa sababu karatasi haiulizi, "Sasa tufanyeje?"

Nilienda Awasi kuokoa chumba chetu cha gemu. Sikukiokoa. Dada yangu, ambaye ni mke wa Ouma, ameshakipima kwa macho na kusema kinatosha magunia yake ya mahindi, na dada yangu akishapima kitu kwa macho, kitu hicho kimepimwa.

Acha nieleze chumba chenyewe kingali chumba.

Ni cha mabati, kando ya njia panda. Mimi na Ouma tulikijaza televisheni nne za picha isiyo na rangi, ambazo nilizifufua mwenyewe kutoka kwa wafu. Umeme sikusomea mahali. Nilisomea kupigwa na shoti. Kila televisheni ilikuwa na mashine yake ya kaseti, na karibu kila mtu alikuwa akitaka mchezo ule ule mmoja: kisungura chenye kofia kinachokimbia kwenda kulia na kuruka mashimo. Jina lake kwenye kaseti lilikuwa maandishi ya nchi za mbali. Hapa aliitwa Apwoyo, yule sungura wa hadithi za nyanya zetu, mjanja asiyeshikika. Huyu wetu alishikika kila dakika.

Ukutani niliandika sheria kwa chaki: KUFA, UPISHE. Unalipia laifu tatu, yaani kufa mara tatu. Zikiisha, unampa pedi, kile kidude cha vitufe, anayefuata. Hatukuhitaji saa wala mlinzi. Waliosimama nyuma walikuwa wengi kuliko waliokaa, na kazi yao ilikuwa kuwahimiza waliokaa wafe haraka. "Omera, ndugu yangu, ruka basi, ama unangoja serikali ijenge daraja?" Mtu akianguka, chumba kizima kinacheka, naye anacheka, anarudi mwisho wa foleni kwenda kuwacheka wengine. Nimeingia makanisa yenye ushirika mdogo kuliko huo.

Tatizo langu ni kusoma.

Pale soko la Kibuye, Jumapili, kuna mzee anayeuza majarida ya ng'ambo yaliyochakaa, na mimi nilikuwa nikiyanunua yanayohusu gemu. Humo ndimo nilimojua kwamba kaseti zinakufa. Mashine mpya zinatumia CD, zina nafasi ya kuweka nchi nzima, na picha zake zina kina: mhusika haendi kulia tu, anaweza kuzunguka nyuma ya mti na kuona mti una mgongo. Nilimwambia Ouma. Nilimwambia asubuhi na jioni, kama mtu aliyeokoka. Sikujua kwamba alikuwa akisikiliza.

Ouma ni mtu wa vitendo, na hilo nalo ni tatizo. Mwanzoni mwa mwezi uliopita aliuza mashine zote nne kwa bwana mmoja wa Awasi, pamoja na televisheni tatu, akaenda Nairobi, akarudi na mashine moja ya kijivu, nyepesi kama sahani, na televisheni moja ya rangi. Akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Shemeji, si ni hii ulikuwa unasema?"

Ndiyo hiyo nilikuwa nasema.

Kwetu unaweza kumkemea ndugu yako sokoni na watu wakanunua nyanya zao bila kugeuka. Lakini mume wa dada yako unaongea naye kama balozi. Nikasema, "Ndiyo hiyo, shemeji. Umefanya vizuri."

Siku ya kuifungua ilikuwa Jumamosi. Huku hakuna kitu kipya kinachowashwa bila maombi, kwa hiyo tulimwita Mama Pamela, anayeuza omena, dagaa wa ziwa letu, nje ya mlango wetu. Ni mama wa kanisa la kanzu nyeupe, na ameombea kila kitu hapa Mamboleo, hadi choo cha soko. Alivaa kanzu yake, akaiwekea televisheni mkono kichwani kama mgonjwa, akaikabidhi kwa Bwana. Tukasema amina. Na hapo Ouma, kwa heshima aliyolelewa nayo, akamsogezea kiti na kumpa pedi.

"Mama, utufungulie wewe."

Watu walipiga makofi. Kila mtu alikuwa amefanya hesabu yake kimya kimya: Mama Pamela hajawahi kushika pedi, ataanguka shimo la kwanza mara tatu, tutacheka kwa adabu, atapisha, halafu Jumamosi yenyewe ianze.

Hakukuwa na shimo.

Kulikuwa na kimbuzi chenye mkoba mgongoni, katikati ya uwanja wa majani. Hakuna kulia, hakuna kushoto. Mama Pamela alibonyeza, mbuzi akaenda. Akafika kwenye mti, akauzunguka. Nyuma ya mti kulikuwa na mti mwingine. Halafu, kwa mbali, yakaonekana maji.

"Hii ni ziwa?" akauliza.

"Ni ziwa, Mama," nikasema.

"Na haina magugu."

Magugu ya ziwa yameziba ufuo wetu hivi kwamba ukisimama ufuoni unaweza kudhani ni shamba la mtu mvivu. Mashua hazitoki. Omena anayopata Mama Pamela ni ya kuungaunga. Kuna siku anafungua meza yake tupu ili tu watu wasisahau kwamba ni yake. Sasa alikuwa na ziwa jeupe mbele yake, na akampeleka mbuzi ukingoni, akaanza kutembea naye polepole, kama mtu anayekagua mahali alipoegesha mashua.

Hakuruka hata mara moja. Foleni ikafika barabarani.

"Sasa huyu mama atakufa lini?" akauliza Odhiambo, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye alikuwa ameacha lango la mtu likiwa na bawaba moja.

"Nyamaza wewe. Huyo ni kama mama yako."

"Sijasema afe. Nimesema apishe."

"Na sheria inasema nini?"

Wote wakageuka wakasoma ukuta. Halafu wakanitazama mimi.

Ouma aliinama akamnong'oneza, "Mama, jaribu kuruka kidogo."

"Niruke wapi, baba, na njia iko?"

Hilo ndilo swali ambalo majarida yangu yote hayakuwa yameuliza.

Alitafuta samaki. Nikamwambia waliotengeneza hawakuweka. "Ziwa safi namna hii na hawakuweka samaki," akasema, kwa huruma, kama anayesikia habari za nyumba isiyo na watoto. Alitembea mpaka stima ikapotea alasiri na televisheni ikazimika. Zamani stima ikipotea tulikufa wote pamoja, tajiri na maskini, na ikirudi tulianza wote mwanzo. Lakini mashine hii ina kikadi cha kuweka kumbukumbu, na Ouma alikuwa ameshamhifadhia Mama mbuzi wake. Yaani mbuzi alibaki ukingoni, akingoja.

Mama Pamela alivua kanzu, akaikunja. "Nchi yenu ni nzuri," akasema. "Lakini hakuna mtu."

Tulipotazama nyuma, hata kwetu hakukuwa na mtu.

Tulijaribu mengine. Tuliweka saa ya jikoni mezani, mtu akacheza kwa dakika. Wakaja mmoja mmoja, wakikaa kimya kama wamekuja kliniki. Watazamaji waliacha kuja, na siwalaumu. Zamani kila mtu aliliona shimo, kwa hiyo kila mtu alikuwa na ushauri. Sasa mchezaji anataka kuona nyuma ya kilima, wewe uliyesimama unataka kuona mtoni, na picha inageukageuka mpaka mwenye tumbo tupu anashika ukuta. Utampigia kelele gani mtu ambaye hujui anakwenda wapi? Na aliyekuja jana anaendelea alipoachia. Wewe uliyekuja leo unakuta hadithi iko katikati, na hakuna wa kukusimulia.

Nimefikiri sana juu ya yale mashimo.

Nadhani mafundi wa zamani hawakuyaweka kwa ubaya. Kaseti ilikuwa na nafasi ndogo, na shimo ndicho kitu rahisi kuchora duniani: unaacha tu kuchora ardhi. Ni umaskini wa ile mashine uliotupa mashimo, na mashimo yakatupa kifo, na kifo kikatupa zamu. Sasa wamepata nafasi kubwa, na mtu akipata nafasi kubwa anaijaza nafasi. Mashine itakayofuata hii itakuwa na uwanja mpana zaidi, na ya baada yake mpana kuliko huo. Majani yatapepea moja moja. Maji yataonyesha uso wa mbuzi. Kuruka kutabaki kama kengele kwenye baiskeli, unaipiga ukijisikia. Kufa kutakuwa ni kurudishwa hatua mbili na kuambiwa pole. Nayo michezo itakuwa mizuri, sisemi itakuwa mibaya. Itakuwa mizuri kwa mtu mmoja, aliyekaa kwenye kochi lake, katika sebule yake, jioni nzima ikiwa ni yake.

Sisi hatuna sebule hiyo. Tulikuwa na foleni.

Kwa hiyo leo asubuhi nilivaa shati la maana nikaenda Awasi kumwomba bwana aliyenunua mashine zetu. Nilitaka tubadilishane: hii moja ya kisasa kwa mbili tu za zamani. Kwa mtu yeyote anayesoma majarida, huo ni wizi, na mwizi ni yeye.

Bwana Were ana kinu cha posho. Mashine zetu ameziweka chumba cha pili, zinatumia jenereta ile ile ya kinu, na kila mahindi yakimiminwa picha zote zinajikunja, halafu zinajikunjua. Palikuwa pamejaa. Wanaongoja unga ndio wanaocheza. Debe liko kwenye foleni ya huku, mwenye debe yuko kwenye foleni ya kule. Ukutani, kwa chaki, KUFA, UPISHE. Ouma alikuwa ameuza hata sheria.

Nilimweleza. Alinisikiliza vizuri sana, unga kwenye kope.

"Hiyo yako inaua?" akauliza.

"Haiui sana."

"Basi hiyo ni ya mtu aliye nyumbani kwake. Mimi niko na watu wa kungoja." Akanishika bega, nikabaki na alama ya mkono mweupe kwenye shati la maana. "Lakini umetoka mbali, bwana. Panga foleni, ucheze kidogo."

Nikapanga, nyuma ya mama mwenye karai. Zamu yangu ikafika, nikakaa mbele ya televisheni niliyoichomelea waya mwenyewe. Apwoyo akatokea na kofia yake. Shimo lile la kwanza nalijua kama mlango wa nyumba yetu. Nikakimbia, na nilipobonyeza kuruka, mahindi yakamiminwa, picha ikajikunja, nikatumbukia.

Chumba kikacheka. Hawanijui, hawajui ni mimi niliyeandika maneno yao ya ukutani. Walicheka tu kwa sababu mtu mzima mwenye shati zuri ameanguka.

Laifu ya pili na ya tatu siwezi kusingizia kinu.

"Omera, si upishe," sauti ikasema nyuma yangu.

Nikapisha.

Nimemwambia Ouma kwamba Bwana Were amekataa. Amekunja gazeti na kusema labda zitakuja CD nyingine, zenye mashimo. Nikamwambia, labda. Haziji. Au zitakuja za kumbukumbu, wazee watazinunua wazilie machozi peke yao.

Jioni hii Mama Pamela alichungulia mlangoni. Meza yake tangu asubuhi haijaona hata omena mmoja. Akauliza kama anaweza kuangalia ziwa kidogo. Ouma akawasha mashine, na kweli, mbuzi alikuwa pale pale ukingoni, na mkoba wake. Mama akaketi, akaanza kutembea naye. Nikasimama nyuma yake, mahali pa watazamaji, nikitafuta la kumwambia, ushauri wowote, hata utani. Hakuna la kumwambia mtu ambaye hawezi kuanguka.

Bado anatembea ninapoandika. Sheria nimeifuta ukutani kwa kitambaa kibichi, na chaki imebaki imetapakaa kama wingu.

Kesho ni siku ya magunia ya dada.