Kila Gunia Lilimwagwa

Mjukuu wangu Zaituni,

Marahaba. Hapa Ujiji tu wazima. Goti la bibi yako limepata nafuu, na ameanza tena kugombana na majirani.

Umeniuliza ufanye nini na mteja wako mkubwa, anayetaka umtumie dagaa kabla duka la mtandaoni halijathibitisha malipo, eti sharti hilo linamwita tapeli.

Nilipokuwa kijana, mwaloni Bangwe, wanaposhushia samaki, kila gunia la dagaa lilimwagwa mkekani kabla ya kununuliwa, kwa sababu wapo waliojaza mchanga chini. Siku moja tajiri mmoja aliyeleta dagaa kuuza alimgomea mama yangu, mchuuzi, akakataa kumwaga magunia yake.

"Mama, unaniona mwizi?"

"Wewe nakuona, baba. Nisichokiona ni chini ya gunia."

Wachuuzi wenzake wakaangua kicheko. Tajiri akatishia kuondoka. Mama akampisha njia, ingawa hatukuwa na mzigo mwingine wa kuuza wiki ile. Mwishowe tajiri akamwaga. Dagaa walikuwa safi mpaka wa chini kabisa. Mama akawanunua wote, na hakuomba radhi.

Nawe usiombe. Dagaa wakae kwako hadi malipo yathibitishwe. Akinuna, mwache anune.

Babu yako