Mzee Kabanda Amepona

Kijiji cha Kashojwa,
Nakivale,
9 Machi 2014

Mpendwa Shangazi Georgette,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mgongo unaendeleaje na baridi ya Nairobi? Sisi tu wazima. Mvua imetukumbuka, mama anapalilia maharage. Mimi nimemaliza shule, nipo tu nyumbani.

Barua hii nampa jirani yetu Viviane, anayepanda basi kesho Mbarara kuja Nairobi. Ningekupigia, lakini nikishika simu husahau la kusema, na simu yenyewe ni ya dada yangu mkubwa, yaya Pascaline. Ndiye anayenichosha.

Amepata mchumba kwenye Facebook. Anajiita Ngabo. Picha yake tumeona moja tu, amevaa miwani nyeusi. Shangazi, kwetu mposaji akija wazee humuuliza: mlima gani, ukoo gani, babu yako nani? Kisha wananyamaza, ajibu mwenyewe. Yaya anauliza na jibu analitoa yeye! "Wewe si mutu wa Bijombo kama siye?" Naye: "Ndiyo, Bijombo." Akamwandikia kwamba wewe shangazi unasali Kayole, hapo Nairobi. Kesho yake kijana naye anasali Kayole, tena anapiga gitaa la kwaya. Yaya akalia kwa furaha, eti Mungu amewakutanisha. Mama ameshaanza kutazama vitenge.

Sasa Ngabo anataka wakutane Mbarara, huko Ruti, Jumamosi tarehe 22, nyumbani kwa mtu anayemwita kaka yake. Yaya aende peke yake, na abebe karatasi yetu ya familia ya ukimbizi, ile halisi, ili aandikishwe kama mke. Karatasi hiyo ina majina yetu sote! Bila hiyo hatupati chakula wala hatuitwi mahojiano ya kuhamishiwa ng'ambo. Nilimwomba angalau wakutane mahali penye watu, mama awepo. Alinijibu: "Acha wivu, mutoto weye! Bwana utamupata wapi, unaogopa hata kuku?"

Basi juzi aliponituma kuichaji simu dukani kwa Bonaventure, nilimwandikia Ngabo kana kwamba mimi ni yaya: "Mzee Kabanda wa kanisani kwenu amepona?"

Akajibu upesi: "Amepona, anakusalimu sana."

Shangazi, Kabanda ni baba yako mzazi! Mlimzika Bijombo kabla sijazaliwa.

Nilimwonyesha yaya. Alisoma mara mbili, akasema eti Kabanda si mmoja: "Ba Kabanda beko mingi."

Nimechoka, kwa kweli. Karatasi nimeishona ndani ya mto wangu. Wewe yaya anakuheshimu. Ulizia kanisani kama wanamjua Ngabo, kisha mpigie yaya kabla ya tarehe 22. Akishikilia kwenda, nitakwenda naye, mimi ninayeona haya hata kununua sabuni.

Nisalimie mzee Constantin na Déo hapo kwako. Mungu akutangulie kila utokapo na kila uingiapo. Na kama kweli hapo kanisani yupo Mzee Kabanda aliyetoka kuugua, mpe pole yangu, nami nitafumua mto na kumwomba yaya msamaha.

Mwanao akupendaye,
Munezero